Kaburi la Joyce Hadley

Kwa miaka kumi na tatu Ofelia Zamudio alikula pai ya limau juu ya kaburi la mwanamke asiyemjua, na hakuumwa tumbo hata siku moja.

Alikula akiwa kwenye kiti cha kukunja, beji kifuani: OFELIA, FUNDI WA MAVAZI YA JOYCE. Kila Jumamosi ya pili ya Machi, Chama cha Marafiki wa Joyce Hadley kilikutana katika makaburi yaleyale, ng'ambo ya vilima vya Los Angeles, upande wa bondeni ambako joto huanza mapema. Walikuja watu arobaini hivi. Wengi walikuwa wastaafu waliokua wakitazama *Akina Dunwoody* kila Jumanne jioni, na ambao mpaka leo waliamini kwamba Bi Dunwoody, yule mama wa nywele za dhahabu aliyetoa pai kwenye tanuri mwishoni mwa kila kipindi, aliwalea wao kuliko mama zao. Kwa hiyo walileta pai. Walikata vipande wakavigawa kwenye sahani za karatasi, na kipande kimoja waliweka juu ya jiwe. Sisimizi wa makaburi yale walikuwa wanene.

Jiwe lilisema: JOYCE HADLEY, 1924–2003. Chini yake kweli alilala Joyce Hadley. Ila hakuwa Joyce Hadley wao.

Huyu wa chini alikuwa mwanamke aliyeunganisha simu za watu katika kampuni ya simu kwa miaka thelathini na moja. Hakuolewa. Aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lake. Ofelia alikuwa amemuulizia mwenyewe, kwa adabu, kama mtu anavyoulizia habari za jirani mpya, na tangu hapo kila Machi alimsalimia kimoyomoyo kabla ya kuonja pai: Shikamoo dada Joyce, wamekuja tena.

Kosa lenyewe lilikuwa la aina ambayo hakuna mtu duniani angelifanya isipokuwa mashabiki. Mwigizaji Joyce Hadley, yule aliyekuwa Bi Dunwoody, aliyaambia magazeti yote kwamba alizaliwa mwaka 1934. Jiwe likasema 1924. Mtu mwingine yeyote angetazama tofauti ile akasema, basi si yeye, twendeni tukatafute kwingine. Bwana Lowell Pruitt, daktari wa meno mstaafu na mwenyekiti wa chama, alipiga kofi paja lake kwa furaha.

"Ndiye huyu!" alisema. "Mwigizaji gani wa kike aliwahi kusema umri wake? Kajipunguzia miaka kumi, mtundu yule! Mwaka ungelingana ndipo ningetia shaka."

Wote wakakubali. Walikuwa wamezunguka makaburi ya mji huu maisha yao yote, wakiwatafuta akina mama na akina baba wa televisheni ya zamani. Walijua nani amezikwa na mbwa wake, nani ana jiwe kubwa kuliko kipaji chake, na nani alidanganya umri hadi kaburini. Ujuzi wao ndio uliowapotosha.

Bwana Pruitt alipompigia Ofelia simu mwaka ule wa 2003 kuhakikisha, Ofelia alikuwa bado hajafuta viatu vumbi la maziko. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alisema, "Maua hayajamdhuru mtu, Bwana Pruitt. Pelekeni."

Kwani Joyce Hadley wa televisheni alizaliwa Herminia Barragán, mtaa wa Boyle Heights, binti wa Eulalia aliyekuwa akipanga samaki kwenye makopo kiwandani. Ofelia alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Studio ilipomchukua Herminia ilimpaka nywele rangi, ikamng'oa nyusi, ikampa jina kutoka kwenye orodha, ikaandika kwamba ni yatima kutoka Ohio. Miaka miwili baadaye Herminia akamtafutia mdogo wake kazi ya sindano katika chumba cha mavazi, kwa sharti moja: wasijuane. Basi dada akasimama juu ya kigoda, mdogo akapiga magoti akibana pindo kwa pini, na mbele ya watu wakaitana "bibi" na "binti". Wakiwa peke yao Herminia alimkanyaga vidole makusudi, kama walipokuwa watoto, na wote wawili wakacheka kwa kuziba midomo.

Ofelia hakuwa na kinyongo na hayo. Kinyongo chake kilikuwa na siku moja tu.

Mwaka 1963, siku ambayo Herminia alitimiza miaka thelathini na miwili, mama yao alivaa gauni lake la kanisani, akafunga tamale ishirini, vile viandazi vya unga wa mahindi, kwenye kitambaa, akabadilisha mabasi matatu akaja studio. Mlinzi alimpitisha, haijulikani kwa nini. Alitokea katikati ya seti, kwenye jiko lile la uongo, mbele ya tanuri lisilowaka. Russell Thorne, mwigizaji aliyekuwa Bwana Dunwoody, alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Joyce," alisema kwa sauti ya kuchekesha watu, "mbona hukutuambia umepata mtumishi mpya? Mpitisheni mlango wa nyuma, asije akajikwaa kwenye nyaya."

Watu wakacheka. Herminia alikuwa amevaa aproni yake ya mistari. Ofelia alikuwa magotini na pini sita mdomoni. Na Herminia akasema, "Ndiyo. Ni mtumishi wangu."

Mama yao aliinamisha kichwa kama mtumishi. Akaweka kitambaa juu ya meza. Akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakulitaja jambo lile mpaka anakufa, na kutolitaja kwake ndiko kulikomla Herminia kidogo kidogo kwa miaka arobaini. Siku za mwisho, akiwa mwepesi kama nguo ya kuning'iniza, alimshika Ofelia mkono.

"Nizike na Mama," alisema. "Kwa jina alilonipa yeye. Na yule mwanamke wa pai asinifuate. Niahidi."

Ofelia aliahidi.

Basi mwaka huu, mwaka wa kumi na tatu, Bwana Pruitt aliinuka kabla ya pai kukatwa. Alikuwa amevaa tai. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuposa.

"Ndugu zangu," alisema. "Kwa muda mrefu tumeumia kuona Joyce wetu kalala huku peke yake, kwenye nyasi, kati ya watu ambao, bila kuwadharau, hakuna anayewajua. Leo nina habari. Mpwa wa marehemu Russell Thorne ametukubalia. Pale kwenye jengo la makaburi ya mastaa, karibu na studio, ubavuni kwa Russell kuna nafasi. Tutamhamisha Joyce. Bwana na Bibi Dunwoody watalala pamoja!"

Watu walipiga makofi. Wengine walilia. Bi Darlene, mhariri wa jarida la chama, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo na simu isiyotoka mkononi, alipiga picha ya watu wakilia.

"Limebaki jambo dogo tu," Bwana Pruitt aliendelea. "Joyce hakuwa na ndugu. Wakili wetu anasema mahakama itaridhika na barua ya mtu aliyemfahamu kwa karibu, akithibitisha kwamba ndiye aliyezikwa hapa na kwamba angependa kuhama. Na sisi tunaye mtu huyo! Bibi Ofelia, mama yetu, njoo. Kalamu hii hapa."

Makofi tena. Ofelia hakuinuka.

Marisela, binti yake, aliyekuwa amemleta kwa gari na aliyeijua habari yote, alimwinamia sikioni.

"Saini, Mama, twende zetu."

"Unasema nini?"

"Nasema saini. Wakishamweka huyu kwenye jengo lao, hakuna atakayemtafuta Mama Mkubwa tena. Imekwisha. Amepona."

"Na huyu aliyelala hapa?"

"Mama, huyu amekufa."

"Na mama yako mkubwa yu hai?"

Marisela akasimama wima. Alikuwa mwalimu wa hesabu, alijua anaposhindwa.

Ofelia alilitazama jiwe. Mtoto angeliweza kuipiga hesabu ile. Akitia saini, dada yake atalala salama, na ahadi itatimia kuliko alivyowahi kuota. Akisema kweli, watamtafuta Herminia, na mwanamke wa pai atamfuata mpaka miguuni kwa mama yake. Lakini huyu aliyeunganisha simu za watu maisha yake yote kisha akarudi nyumbani kupika chakula cha mtu mmoja, huyu aliyekula jua na mvua za bondeni kwa utulivu, akachimbuliwe leo, akalazwe ubavuni mwa mwanamume ambaye hakumchagua, ambaye asingempa hata mkono, ili watu arobaini wafurahi? Na Russell Thorne! Kati ya wanaume wote waliozikwa katika mji huu!

Alisimama. Magoti yakalia.

"Siweki saini," alisema.

"Ah, wino?" Bwana Pruitt alipapasa mfuko. "Nina nyingine."

"Kalamu ni nzima. Mimi ndiye sitaki. Huyu si Joyce wenu."

Mahali fulani mashine ya kukatia nyasi ilikuwa inanguruma. Bwana Pruitt alitabasamu lile tabasamu alilokuwa akiwapa wagonjwa kabla ya kung'oa jino.

"Jua limekuwa kali," alisema. "Mleteeni bibi maji."

"Maji nimekunywa. Nimesema si yeye. Huyu ni Joyce Hadley mwingine. Alifanya kazi kwenye kampuni ya simu. Hakuwahi kusimama mbele ya kamera hata ya harusi. Muacheni alale."

"Lakini mwaka, Bibi Ofelia! Ule ujanja wa umri!"

"Ujanja ni wenu. Wangu alijipunguzia miaka mitatu tu. Hakuwa na tamaa."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajikohoza. Bi Darlene alishusha simu.

"Samahani," alisema, na hakukuwa na samahani yoyote katika sauti yake, "wewe ulikuwa unashona pindo. Sisi tumemsoma Joyce maisha yetu yote. Nina faili saba. Najua uso wake kuliko uso wangu. Mtu hawezi kuamka tu na sindano yake akatuambia nani ni nani."

"Unaujua uso wake?"

"Kila kipindi nimekitazama zaidi ya mara ishirini."

"Vizuri," Ofelia alisema.

Alivua kofia yake pana. Akavua miwani ya jua, akampa Marisela. Nywele zilizowahi kuwa nyeusi tii zilikuwa sasa nyeupe, naye akazisukuma nyuma kwa viganja viwili, akazishika kisogoni jinsi zilivyokuwa zikishikwa kila Jumanne jioni. Akainua kidevu. Akaigeuza shingo kidogo kushoto, kwa sababu Herminia alifundishwa kwamba upande ule ndio unaopendeza, na upande ule, upande wa mama yao, walikuwa nao wote wawili. Hakutabasamu. Alisimama tu, kahawia, mwenye makunyanzi, mwenye miaka themanini na mmoja, akawatazama.

"Miaka kumi na tatu nimekaa hapa mbele yenu," alisema. "Mmenigawia pai. Mmenipiga picha nikiwa nimeshika kisu cha pai. Nitazameni."

Walimtazama. Ilichukua muda. Kwanza alikuwa mzee mmoja wa mbele, aliyekuwa na kofia yenye picha ya Joyce. Alitazama kofia, akamtazama Ofelia, akatazama kofia. Kisha mkewe akaweka mkono mdomoni. Ofelia aliliona jambo hilo likipita kiti kwa kiti, kama mtu anayewasha taa za nyumba chumba kwa chumba. Bi Darlene, mwenye faili saba, ndiye alikuwa wa mwisho, na akawa mweupe kama sahani yake.

"Mungu wangu," alisema. "Kile kidevu."

"Mama yangu alimpa jina Herminia Barragán," Ofelia alisema. Marisela alifumba macho. Naye Ofelia alijua alichokifanya, lakini jina lilikuwa limekaa mdomoni miaka mingi kama pini, na alilitoa lote, bila kumeza hata herufi moja. "Hakutoka Ohio. Hakuwa yatima. Alikuwa na mama aliyepanda mabasi matatu kumletea chakula, na huyo Russell wenu Thorne akamfukuzia mlango wa nyuma kama mtumishi, na dada yangu akaitikia kwa woga. Mnataka kumlaza naye? Mkalale naye nyinyi."

Vurugu ikazuka. Kila mtu alisema na jirani yake. Mwanamke mmoja alilia kwamba utoto wake umeibiwa. Mumewe akamwambia, utoto wako uko palepale, Peggy, kaa chini. Mwingine aliuliza kama pai zote zile zilikuwa bure. Bi Darlene alikuwa ameshainamia simu, vidole vinakimbia.

"Nimempata!" alipaza sauti. "Herminia Barragán, 1931, 2003. Makaburi ya Kikatoliki, mashariki mwa mji. Kando yake kuna Eulalia Barragán. Kuna na picha ya jiwe. Lowell, ni yeye!"

Dakika nne, Ofelia alihesabu. Miaka kumi na tatu ya kuficha, na simu ya mwanamke yule ilihitaji dakika nne. Alihisi mkono wa Herminia, mwepesi vile, umeshika wake. *Niahidi.* Marisela alimshika kiwiko, akadhani mama yake anaanguka. Hakuwa anaanguka. Alikuwa anatafuta pa kukanyaga.

Bwana Pruitt alikuwa wa kwanza kupata akili. Macho yake yaling'aa upya.

"Lakini basi hakuna kilichoharibika!" alisema kwenye kipaza sauti. "Ndugu zangu, tulieni! Nafasi ubavuni kwa Russell bado ipo. Tutabadilisha jina la kaburi kwenye maombi, ndiyo hivyo tu. Joyce wetu halisi atakwenda nyumbani!"

"Bwana Pruitt," Ofelia alisema. "Wakili wako alisema nini kuhusu ndugu?"

"Kwamba Joyce hakuwa na..."

"Malizia."

Bwana Pruitt akalegeza tai.

"Ndugu ni mimi. Wa damu. Hakuna mwingine, na nikifa ni huyu binti yangu, ambaye ana kichwa kigumu kuliko changu. Bila mkono wetu hamsogezi hata jani kwenye kaburi lile. Huyu wa hapa pia mwacheni; kesho Jumatatu—"

"Kesho Jumapili, Mama," alisema Marisela.

"Keshokutwa Jumatatu nakwenda ofisi ya makaburi kuandikisha maneno yangu, kwamba mlitaka kumchimbua mtu msiyemjua."

Bwana Pruitt aliweka kipaza sauti chini ya kiti, taratibu. Bila chombo kile sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mzee.

"Ulikula nasi," alisema. "Nilikuwa nakuja kukuchukua mwenyewe kabla binti yako hajanunua gari. Mke wangu alipokufa ulikaa nami hapa, kwenye kaburi hili, nikakuambia mambo ambayo sijamwambia mtu. Na wakati wote ulikuwa unajua."

Hilo lilimchoma. Hakujidanganya kwamba halikumchoma. Lowell Pruitt hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyempenda mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo, na akampenda kwa uaminifu.

"Nilijua," alisema.

"Basi waombe radhi hawa watu. Ni hilo tu. Neno moja. Darlene ataliandika kwenye jarida, nasi tutayamaliza. Usipofanya hivyo, Bibi Ofelia, itabidi tuandike tu kilichotokea: kwamba ulitudanganya miaka kumi na tatu juu ya kaburi."

Watu wote arobaini walimgeukia Ofelia wakingoja. Hata mashine ya nyasi ilikuwa imezimwa. Bi Darlene alikuwa ameinua simu, taa nyekundu inawaka.

Ofelia aliifungua beji kifuani. Pini yake ilikuwa ya kutu na alichukua muda, akakataa msaada wa Marisela. Akaiweka juu ya kiti.

"Andikeni," alisema. "Andikeni na jina lake vizuri, Barragán, na alama juu ya herufi ya mwisho ya a. Mkitaka kuja kule mashariki, makaburi yako wazi mpaka saa kumi na moja, siwezi kumzuia mtu kusimama. Mkifika mtamkuta Herminia na mama yake. Jina hilo jingine mkimwitia pale nitawafukuza kwa fimbo, na nina fimbo. Bwana Pruitt, ya mkeo nimeyatunza, sijamwambia hata huyu. Lakini dada yangu alisema uongo mmoja mkubwa maishani, akamkana mama yake ili nyinyi mpate mama wa televisheni, na alilipa kila siku. Mimi nimesema uongo wangu ili amrudie. Nikirudishwa mwaka 2003, simu ikalia, nitasema vilevile."

"Bibi Ofelia," alisema Bwana Pruitt, karibu akimsihi. "Neno moja tu."

"Silisemi," Ofelia alisema. "Siwaombi radhi. Leo siombi, na mwakani msinialike mkidhani nitakuwa nimelainika. Marisela, washa gari."